Maheshe Hakukimbia

Waliomuua Maheshe hawakuwa na kazi kubwa ya kumpata. Alikuwa gorila dume, mkubwa wa familia yake, mgongo umekwisha kuota mvi, na makao yake katika Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, milimani juu ya Bukavu, yalijulikana vizuri. Kwa miaka mingi alikuwa amewaona watu wakichomoza katikati ya mianzi asubuhi, wakichuchumaa, wakimtazama kwa muda, kisha wakiondoka bila kumgusa. Mwaka 1993 wakaja watu wa namna nyingine. Machoni pa gorila walifanana na wale wa jana: wamekuja kwa miguu, na harufu yao ni ileile ya binadamu. Gorila asiyezoea watu huondoka kabla hujamwona, nawe unakuta majani yaliyovunjika na joto la mahali alipokaa. Maheshe hakuwa na sababu ya kuondoka. Alikuwa amefundishwa kwa subira kubwa, na watu waliompenda kweli, kwamba mtu akija haji kwa ubaya.

Habari zake nawaandikia hasa ninyi wa Luofu, na ndugu zenu wa Butembo na Beni wenye mitaji ya kujenga.

Luofu ni makao ya mwami wa Batangi. Ukisimama juu ya vilima vyake, upande wa machweo nchi inateremka kuelekea misitu ya Tayna. Upande wa kaskazini-mashariki, kabla ya bonde la Ziwa Edward, uko Mlima Tshiaberimu. Pande zote mbili kuna gorila wa mashariki, wale wanaoitwa wa Grauer, na hao hawaishi porini popote duniani isipokuwa Kongo yetu. Si ajabu basi kijana wa Luofu akiuliza kwa nini Rwanda, tangu 2017, inatoza dola 1,500 kwa saa moja ya kumtazama gorila, ilhali sisi wenye misitu mikubwa kuliko yao tunachoma makala na kusukuma chukudu. Swali hilo ni la haki. Linazaa mipango, na mipango yenyewe inafanana: nyumba ndogo za mbao pembezoni mwa msitu, taa za umeme wa jua, viazi na maharage kutoka mashamba ya jirani, vijana wa kijiji wanaongoza wageni, sehemu ya fedha inaingia shuleni na kwenye zahanati.

Siipingi mipango hiyo. Ningependa kuiona ikisimama. Lakini katika kila mpango niliousikia, swali moja hurukwa, nalo ndilo linalobeba mengine yote: mgeni atamwona mnyama kwa sababu gani? Mnyama wa msituni hataki kuonwa. Ndege ataruka juu, nyani atapiga kelele kwa mbali, lakini gorila, sokwe mtu na okapi wameishi mpaka leo kwa sababu wanajua kutoweka. Mgeni akienda saa tatu za msitu, akamkuta gorila amelala chali na watoto wake wakimchezea tumboni, ajue kwamba kuna mtu aliyeitengeneza amani hiyo.

Kazi yenyewe huenda hivi. Wafuata nyayo huanzia kwenye malazi ya usiku uliopita, kwa kuwa kila jioni gorila hujikunjia majani na kulala, na asubuhi huacha kinyesi palepale. Wanahesabu malazi, wanapima ukubwa wa kinyesi, wanajua wangapi ni wakubwa na wangapi ni watoto. Kisha wanafuata mabua yaliyovunjika na alama za vifundo vya mikono kwenye tope. Miezi ya mwanzo familia inakimbia, na njiani inaacha harisho la woga linalonuka vibaya. Siku nyingine dume hakimbii. Anakuja mbio, anapiga kelele ya kutikisa kifua cha mtu, anasimama hatua chache mbele yako. Hapo mfuata nyayo hana ruhusa ya kugeuka. Anachuchumaa, anashusha macho, anachuma jani na kujifanya anakula, anatoa sauti nzito ya kooni ile ambayo gorila huitoa akiwa ameshiba na ametulia. Kesho anarudi. Kesho kutwa anarudi. Huchukua miaka miwili, wakati mwingine zaidi, mpaka ifike siku dume anamtazama mtu, anapiga mwayo, anaendelea kula.

Anayeifanya kazi hiyo namheshimu sana. Hata hivyo tutazame kilichotendeka. Woga wa mnyama ulikuwa mlinzi wake. Mlinzi huyo hakuwa na mshahara, hakuchoka, hakuhongwa, na mstari wa vita uliposogea yeye hakukimbilia Goma. Siku tunapomwondolea gorila woga wake, kazi yote ya woga huo inahamia mikononi mwetu, na si kwa msimu wa wageni peke yake. Ni kila siku ya maisha ya mnyama huyo, na gorila huweza kuishi miaka 35 au 40 porini. Wahenga waliposema mazoea yana taabu walikuwa wakiwazungumzia watu. Huku msituni taabu hiyo humwangukia yule asiyeweza kuiona ikija.

Kahuzi-Biega ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa duniani ambapo mtu wa kawaida aliweza kulipa na kumwona gorila porini. Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyeishi Kivu, ndiye aliyeanza kuzizoeza familia pale, akiongozwa na Batwa walioujua msitu ule kuliko yeyote. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1970. Dume aliyeitwa Casimir akawa maarufu, akafuatiwa na Mushamuka, na miaka ya 1970 wageni walitoka Ulaya na Marekani kuja kuwatazama. Batwa wenyewe walifukuzwa msituni katika miaka hiyohiyo, pasipo fidia ya maana. Baadhi yao walirudi kama vibarua wa kuongoza wageni katika nyumba yao ya zamani. Kesi yao ilifika mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi uliowapa haki ulitangazwa mwaka 2024, zaidi ya miaka 40 baadaye. Naitaja habari hiyo kwa kuwa ni sehemu ya hesabu: waliofukuzwa ndio waliokuwa macho ya msitu, na gorila waliachwa mikononi mwa walinzi wa serikali ambao mishahara yao ilikuwa inayeyuka.

Serikali ya Zaire ilijivunia gorila hao. Noti ya zaire 50,000 iliyotolewa mwaka 1991 ilibeba picha ya familia ya gorila. Mwaka huohuo, Septemba, wanajeshi wasiolipwa walianza kupora Kinshasa, uporaji ukasambaa mijini, na wageni wengi wakaondoka nchini. Bei zilipanda mpaka noti ile ikawa haina kazi. Hoteli zilibaki na vitanda vitupu. Wageni waliokuwa wakipanda kwenda kuwaona akina Maheshe wakapungua, na fedha yao ikapungua nao, lakini gorila hakuna aliyewaambia kwamba mkataba umevunjika. Wao waliendelea kuutimiza upande wao: mtu akija, watulie.

Baada ya kifo cha Maheshe, mambo yalizidi kuwa magumu. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walifika kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1996 vita vya kwanza, mwaka 1998 vya pili, na mwaka 2000 bei ya koltani ikapanda ghafla, wachimbaji wakajaa katika sehemu ya chini ya hifadhi, wakila nyama ya msituni kwa kuwa hakukuwa na nyama nyingine. Katika sehemu ya juu, ambako gorila walikuwa wamehesabiwa karibu 250 mwaka 1996, hesabu ya mwaka 2000 ilikuta karibu 130. Familia zilizozoezwa ndizo zilizopigwa zaidi. Wengi wa waliobaki hai walikuwa wale ambao hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kuwafundisha upole.

Simulizi ya Maheshe ingeishia hapo ningekuwa nimewadanganya, maana upande wa pili upo na una nguvu. Gorila wa milimani, wale wa volkano za Virunga, walikuwa 254 katika hesabu ya 1981. Hesabu ya 2015 na 2016 ilikuta 604 katika safu hiyohiyo. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetoka katika familia zilizozoezwa, kwa sababu gorila aliyezoea anafikiwa kila siku: mtego ukimnasa, daktari wa wanyama anakuja, akiumwa kifua, anapigwa sindano ya dawa kwa mbali. Kuzoea kwenyewe hakuui. Tofauti ya Kahuzi ya 1993 na volkano za leo ni kwamba katika volkano mtu hakosekani. Wafuata nyayo wanakwenda Jumapili, wanakwenda Krismasi, wanakwenda mvua ikinyesha na bila mgeni hata mmoja.

Hata huko, penye uangalizi wote huo, pengo moja lilitosha. Usiku wa tarehe 22 Julai 2007, katika sekta ya kusini ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, upande wa Bukima, familia ya Rugendo ilipigwa risasi. Kiongozi wao Senkwekwe aliuawa, na majike watatu pamoja naye. Waliofanya hivyo hawakuchukua nyama wala vichwa. Walikusudia kuwatisha walinzi waliokuwa wakizuia biashara ya makala, na walijua kwamba hakuna kitu ambacho kingewauma walinzi kuliko gorila wenye majina. Wanavijiji walimbeba Senkwekwe kwenye miti iliyofungwa pamoja, watu wengi chini ya mzigo mmoja, na picha ya msafara ule ilizunguka dunia nzima. Mtazame vizuri anayebebwa pale. Umaarufu aliopewa ili avute wageni ndio uliomfanya awe shabaha yenye thamani kwa adui wa hifadhi. Jambo hili wanaopanga nyumba za wageni hawalihesabu kabisa: mnyama mwenye jina anaweza kutekwa na kuuawa kwa sababu ya jina.

Mfano wa Epulu uko karibu zaidi na mifuko ya watu wa Butembo. Wafanyabiashara wetu wanaijua barabara ile: Beni, Komanda, Mambasa, kisha Epulu mtoni, na kuendelea hadi Kisangani. Epulu ni mahali pa zamani sana pa wageni wa msituni. Tangu miaka ya 1930 Mmarekani Patrick Putnam alikuwa na kambi kando ya mto ule, na wasafiri walilala kwake ili wauone msitu wa Ituri na kukutana na Wambuti. Miaka ya 1950 kikajengwa kituo cha kukamatia okapi ili wapelekwe katika bustani za wanyama za nje. Hifadhi ya Okapi ilitangazwa mwaka 1992, yenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 13,700, na mwaka 1996 ikaingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Okapi ni mnyama wa siri. Watu wamezeeka katika msitu wa Ituri wakiwa wamemwona mara chache tu. Kituo cha Epulu kikawa na jibu: okapi walifugwa katika mazizi mapana yenye miti, wakalishwa majani yaliyochumwa na Wambuti kila asubuhi, na mgeni aliyefika angeweza kusimama kwenye uzio akamwona kwa ukaribu, masikio makubwa, mapaja ya mistari, ulimi mrefu. Watoto wa shule waliletwa wakamwona. Lilikuwa jambo jema, na waliolifanya walikuwa wamekaa pale katika vita vyote viwili bila kuwaacha okapi.

Alfajiri ya tarehe 24 Juni 2012, kundi la Mai-Mai Simba likiongozwa na Paul Sadala, aliyeitwa Morgan, lilishambulia kituo. Morgan alikuwa akiua tembo na kuchimba dhahabu ndani ya hifadhi, na walinzi walikuwa wamemsumbua. Watu sita waliuawa, wawili kati yao walinzi. Majengo yakaporwa na kuchomwa, wanawake wakatekwa. Kisha waliwaendea okapi. Walikuwa 14, kila mmoja nyuma ya uzio wake kama mbuzi kambani, na wote walikufa, mmoja wao akichelewa kwa kuwa majeraha hayakummaliza papo hapo. Ndani ya msitu, kilometa chache tu kutoka pale, walikuwepo okapi wengi ambao Morgan na watu wake wote wasingewapata hata kwa mwezi mzima.

Sisemi kwamba kituo kilikosea kuwafuga. Kiliwasomesha watu wengi na kilikuwa na sababu zake. Nasema kwamba kila tunapomrahisishia mgeni kumwona mnyama, tunamrahisishia pia mtu yule mwingine, wala hatuwezi kumfungulia mmoja mlango tukamfungia mwenzake. Uzio wa Epulu na upole wa Maheshe vilifanya kazi moja.

Kuna pia mlango wa tatu, nao hauhitaji bunduki. Huko Lossi, Kongo-Brazzaville, wenyeji walitoa ardhi yao ya ukoo iwe hifadhi ya gorila, jambo linalofanana kabisa na lililofanywa na wazee wetu wa Tayna. Familia zilizoezwa kwa ajili ya utafiti na wageni. Kati ya Oktoba 2002 na Januari 2003, Ebola ilipita. Katika gorila 143 waliokuwa wakijulikana mmoja mmoja, 130 hawakuonekana tena. Ebola ile haikuletwa na wageni, ilikuwa msituni. Lakini mradi uliojengwa juu ya familia zile za gorila ulianguka kwa miezi minne, na kijiji kilichokuwa kimeweka matumaini yake hapo hakikuwa na kingine. Nasi Beni, Mangina na Butembo tunaijua Ebola. Ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ikadumu mpaka Juni 2020, ikachukua watu 2,287. Nani angelala katika nyumba ya wageni ya Luofu katika miezi ile? Na hata bila Ebola, mafua ya kawaida ya mgeni yanaweza kumwua mtoto wa gorila. Ndiyo maana kanuni zinasema saa moja tu, wageni wasizidi wanane, barakoa usoni, umbali wa mita 10, na mwenye kikohozi abaki kambini. Kanuni hizo ni rahisi kuziandika ukutani. Ugumu wake unaonekana siku ambayo mgeni mwenye kikohozi amekwisha kulipa mamia ya dola, amesafiri siku mbili, na kijana wa kumwongoza ana karo ya mdogo wake inayosubiri bakshishi.

Wageni huondoka. Narudia kwa sababu nimeona mipango iliyopigwa hesabu kana kwamba miaka yote itakuwa mizuri. Mei 2018, kaskazini ya Goma, gari la wageni wa Virunga lilivamiwa. Mlinzi wa kike mwenye umri wa miaka 25 akauawa akiwatetea, dereva akajeruhiwa, wageni wawili Waingereza wakatekwa na kuachiwa siku mbili baadaye. Hifadhi ikafunga utalii mpaka Februari 2019. Ikafungua. Machi 2020 ikafunga tena kwa ajili ya korona. Na hiyo ni Virunga, yenye walinzi mamia, ndege ndogo na marafiki wakubwa nje.

Luofu haina haja ya kukumbushwa na mtu wa mbali. Aprili 2009 waasi wa FDLR waliingia usiku, nyumba zaidi ya mia mbili zikateketea, na watoto wakafia ndani. Mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga ikaingia mikononi mwa waasi wa M23, Kirumba ikafuata, na barabara ya kwenda Lubero na Butembo ikajaa watu wenye magodoro vichwani. Mtu aliyekimbia hivyo hakuweza kurudi msituni asubuhi kuwasalimu gorila, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu. Basi tusimpe kazi ambayo tunajua kwamba siku moja itambidi aiache, halafu mnyama alipie.

Wazee wetu walifikiri kwa makini kuliko tunavyowapa sifa. Mwaka 1998 wami wa Batangi na Bamate, pamoja na Pierre Kakule Vwirasihikya ambaye alikuwa amefanya kazi ya uhifadhi Virunga, walianza Hifadhi ya Tayna kwa ardhi ya kimila, ikatambuliwa na serikali mwaka 2006, kilometa za mraba zipatazo 900. Ninachokipenda katika habari ya Tayna ni kwamba hawakuanza na vitanda vya wageni. Walianza na mipaka iliyokubaliwa na vijiji, na walinzi wa kwao wenyewe, kisha chuo cha uhifadhi pale Kasugho ili watoto wa Lubero wasomee kazi hiyo nyumbani. Mwaka 2010 Kasugho ikapata pia kituo cha GRACE, kinacholea mayatima wa gorila wa Grauer waliookolewa kwa wawindaji na wauzaji.

Kutoka Kasugho kumetoka jambo ambalo linageuza simulizi yote hii. Mlima Tshiaberimu ulikuwa umebakiwa na gorila wasiozidi kumi, kundi dogo mno kujiendeleza. Oktoba 2023 majike wanne waliokulia GRACE, Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, walihamishiwa mlimani, wakakaa kwanza ndani ya uzio karibu na wale wa porini, na Oktoba 2024 wakaachiwa. Walijiunga na dume wa pale aitwaye Mwasa. Hao ni gorila waliolelewa na mikono ya watu, waliolishwa na watu, waliotibiwa na watu. Kila siku wanayoishi mlimani pale ni siku ambayo mtu wa jirani, wa Burusi au wa Kyondo, anaweza kuwasogelea. Aliyewapeleka amejifunga kuwalinda kwa maisha yao yote, naye amelijua hilo tangu mwanzo. Wafuata nyayo wanawafuata, na hakuna tiketi iliyouzwa ili kuwalipa. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mshahara wa mfuata nyayo usitoke katika mfuko wa mgeni wa mwezi huo.

Virunga imelijifunza hilo kwa machungu na imejenga mitambo ya umeme wa maji: Mutwanga mwaka 2013, Matebe mwaka 2015, na Luviro huku kwetu jirani na Butembo. Umeme unauzwa hata wakati hakuna ndege ya wageni inayotua Goma. Luofu haiwezi kujenga Matebe. Inaweza kuuza kahawa, inaweza kuweka mashine ya kusaga kwa jina la hifadhi, inaweza kupata mfadhili atakayeahidi mishahara ya miaka mitano badala ya jengo zuri lenye bango lake. Wafadhili wanapenda majengo. Mwenye mpango aliye na msimamo atamwambia mfadhili aache mbao, alete mishahara.

Mtu akinijia na ramani ya nyumba za wageni, ningemwomba anioneshe ukurasa mmoja tu. Wafuata nyayo na walinzi ni wangapi, mshahara wao wa mwezi ni kiasi gani, na fedha ya miezi 24 bila mgeni hata mmoja iko wapi: benki gani, kwa jina la nani, nani anatia saini. Ningeuliza pia kama vita vikifika Kirumba, nani anaingia msituni na nani anaondoka na familia yake, na kama hilo limezungumzwa na wake zao. Ukurasa huo ukiwepo, na umejaa, vijana waanze kufuata malazi ya usiku na Mungu awabariki.

Ukurasa usipokuwepo, nyumba bado zinaweza kujengwa, ila gorila waachwe na woga wao. Msitu una mengi ya kumwonesha mtu pasipo kumnyang'anya mnyama ulinzi wake. Kuna ndege ambao wapenda ndege husafiri mabara wakiwatafuta. Kuna vinyonga, kuna okidi, kuna maporomoko ya maji, kuna bibi anayejua mti gani unaponya tumbo. Kamera ndogo zinazofungwa kwenye mti humpiga picha mnyama usiku bila yeye kumwona mtu, na asubuhi mgeni akitazama picha hiyo huku anakunywa kahawa ya Lubero atakuwa ameona kitu cha kweli. Mwongozaji mzuri atamwonesha malazi ya jana, kinyesi ambacho bado kina unyevu, alama ya kifundo kwenye tope, na kumweleza familia ilielekea wapi na kwa nini wao wawili hawaifuati. Ila jambo hilo liandikwe wazi kwenye bei tangu siku ya kwanza, ili mgeni anayetoka Nairobi au Brussels ajue kabla ya kukata tiketi kwamba amelipia kutembea katika msitu wa gorila, na kwamba Luofu haikumwahidi kuwaona.